Ramones: Ndugu wa jina walionuniana hadi kaburini

UKIPEKUA marundo ya fulana za mitumba pale Gikomba au Toi, huenda siku moja ukakutana na fulana nyeusi iliyochorwa tai mweupe aliyetandaza mabawa, na juu yake neno RAMONES kwa herufi kubwa. Vijana wengi wa mjini huvaa fulana hiyo wakidhani hilo ni jina la kampuni ya nguo. La hasha! Hilo ni jina la bendi ya muziki kutoka New York, Marekani. Majina manne ambayo aghalabu humzunguka tai huyo ni ya wanaume wanne walioianzisha mwaka wa 1974, Johnny, Joey, Dee Dee na Tommy. Wote wanne wameshaaga dunia.

Bendi hiyo ndiyo wengi huihesabu kuwa mzazi wa muziki wa panki. Najua, msomaji, ukisikia neno panki mawazo yako yanakimbilia ule mtindo wa nywele zilizonyolewa pande zote mbili na kuachwa zimesimama katikati kama kilemba cha jogoo. Ramones hawakunyoa hivyo hata siku moja. Nywele zao zilikuwa ndefu, zimeshuka hadi machoni, nao walivalia makoti meusi ya ngozi, jinzi zilizotatuka magotini na raba za bei rahisi. Walivaa hivyo kwa miaka 22 kana kwamba ilikuwa sare ya shule. Isitoshe, kila aliyejiunga nao alipewa jina la ukoo la Ramone, ingawa hakuna hata wawili waliozaliwa tumbo moja.

Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Sidhani kuna bendi iliyoujaribu msemo huo kwa muda mrefu na kwa uchungu mwingi kuliko hii.

VIJANA WA FOREST HILLS

Forest Hills ni mtaa wa watu wenye uwezo wa wastani katika eneo la Queens, jijini New York. Ndipo walipokutania vijana hao wanne, kila mmoja na mzigo wake.

John Cummings, aliyezaliwa mwaka wa 1948, alikuwa mtoto wa pekee wa mfanyakazi wa ujenzi. Naye alifuata nyayo za baba yake, akawa anafunga mabomba katika majumba marefu ya Manhattan. Alipenda mambo yanyooke kama jeshini. Huyu ndiye Johnny, mpiga gitaa.

Douglas Colvin, yaani Dee Dee, alizaliwa mwaka wa 1951. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani na mama yake Mjerumani, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Ujerumani katika nyumba isiyoisha ugomvi. Alianza kutumia dawa za kulevya angali kijana mdogo. Alipiga gitaa la besi, na ndiye aliyekuwa na kipaji kikubwa cha kutunga nyimbo.

Jeffrey Hyman, ambaye ni Joey, alizaliwa pia mwaka wa 1951. Alikuwa mrefu karibu mita mbili, mwembamba na mpole. Tangu ujanani alisumbuliwa na maradhi ya akili ambayo humlazimisha mtu kurudia kitendo kile kile mara nyingi bila kutaka. Angeweza kushuka na kupanda ukingo wa barabara mara kadhaa, au kurudi kugusa mlango alioufunga zamani. Mwaka wa 1972 alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Nani angedhani kwamba kijana huyo angekuja kusimama mbele ya maelfu ya watu na kuimba?

Wa nne alikuwa Tommy, jina lake halisi Thomas Erdelyi. Alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1949 katika familia ya Wayahudi iliyonusurika maangamizi ya Hitler, akahamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa amefanya kazi katika studio za kurekodi muziki, na ndiye aliyewashawishi wenzake waanzishe bendi.

Jina la Ramone lilitoka kwa Dee Dee. Alikuwa amesoma kwamba Paul McCartney wa Beatles, kabla hajapata umaarufu, aliwahi kujiita Paul Ramon.

MUZIKI WA DAKIKA MBILI

Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 30 Machi, 1974. Wakati huo Joey ndiye aliyepiga ngoma. Haukupita muda wakatambua kwamba mahali pake ni kwenye kipaza sauti. Wakatafuta mpiga ngoma mwingine, lakini kila aliyekuja alitaka kuonyesha ufundi mwingi kupita kiasi. Tommy, aliyekusudia kuwa meneja tu, akaketi mwenyewe nyuma ya ngoma ili awaonyeshe wanavyotaka zipigwe. Hakuinuka tena kwa miaka minne.

Yafaa nikueleze, msomaji, muziki wa roki ulikuwa umefikia wapi siku hizo. Bendi kubwa zilikuwa zikipiga wimbo mmoja dakika kumi au zaidi, mpiga gitaa akijitafuna midomo kwa madoido. Kijana wa kawaida aliyenunua gitaa aliona hawezi kabisa kuwafikia. Ramones wakaja na nyimbo za dakika mbili, zenye kodi tatu au nne tu, zikipigwa kasi kama gari lililokatika breki. Hapakuwa na madoido ya gitaa wala mapumziko. Dee Dee alihesabu moja hadi nne kwa sauti kubwa, wimbo ukaanza. Ulipokwisha, akahesabu tena.

Walipata makao katika klabu moja ndogo na chafu iliyoitwa CBGB, katika barabara ya Bowery, ambayo wakati huo ilijulikana kwa walevi na watu wasio na makazi. Albamu yao ya kwanza, iliyoitwa Ramones, ilitoka Aprili 1976. Ilikuwa na nyimbo 14 zilizokwisha kwa dakika 29, na gharama ya kuirekodi ilikuwa kama dola 6,400. Ilifika nambari 111 tu katika orodha ya mauzo ya Marekani, na stesheni nyingi za redio hazikutaka hata kuisikia.

Mzazi atauliza, nyimbo hizo zilihusu nini? Nyingine zilikuwa za mapenzi ya kitoto kabisa. Nyingine zilikuwa na utani mchungu, na mmoja unazungumzia kunusa gundi. Katika jiji kama letu, ambapo tumewaona watoto wa mitaani wakiwa na chupa za gundi puani, utani huo hauchekeshi. Sikuambii kwamba kila walichoimba ni cha kuigwa. Nakuambia walichofanya.

Tarehe 4 Julai, 1976, siku Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, walipanda jukwaani London katika ukumbi wa Roundhouse. Katika safari hiyo walikutana na vijana wa Uingereza waliokuwa ndio kwanza wanaanza bendi zao, wakiwemo wa The Clash. Vijana hao walipoona kwamba mtu anaweza kusimama jukwaani kabla ya kuwa bingwa, walipata moyo. Mwaka uliofuata, Uingereza nzima ilikuwa ikizungumzia panki. Wengine wakavuna, waliopanda wakabaki na jembe.

MKWARUZANO WAANZA

Tommy alichoka na safari na akaacha ngoma mwaka wa 1978, ingawa aliendelea kuwasaidia studioni. Nafasi yake ikachukuliwa na Marc Bell, akaitwa Marky Ramone.

Kiu ya wimbo utakaovuma redioni iliwapeleka kwa Phil Spector, mtayarishaji aliyesifika miaka ya 60. Spector alimrudisha Johnny mara nyingi mno kupiga kodi moja tu ya gitaa, hadi Johnny akataka kuondoka. Dee Dee alisimulia baadaye kwamba Spector aliwatolea bastola, Marky alikanusha. Spector huyo huyo alihukumiwa mwaka wa 2009 kwa kumuua mwanamke mmoja kwa risasi nyumbani kwake, na akafa akiwa mfungwa mwaka wa 2021. Albamu waliyoirekodi naye, End of the Century, ilitoka mwaka wa 1980 na kufika nambari 44. Hawakuwahi kupanda zaidi ya hapo nchini mwao.

Kisha likatokea la kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 80, mpenzi wake Joey alimwacha akaenda kwa Johnny. Halikuwa jambo la kupita, kwani mwishowe walioana, na mwanamke huyo ndiye aliyemuuguza Johnny hadi mwisho wake.

Tia akilini, msomaji. Umepokonywa mchumba na mtu mnayefanya kazi pamoja, mnayevaa sare moja, mnayetumia jina moja la ukoo. Kesho yake mnaingia katika gari moja kwenda kupiga muziki mji mwingine. Ungefanyaje?

Joey alinyamaza. Naye Johnny akanyamaza.

KIMYA NDANI YA GARI

Ramones walisafiri kwa gari dogo la abiria, mfano wa matatu zetu za zamani, na kila mmoja alikuwa na kiti chake. Johnny alikaa mbele kando ya dereva. Meneja wao wa safari, Monte Melnick, rafiki yake Tommy tangu shuleni, ndiye aliyekuwa daraja. Joey akiwa na neno, alimwambia Monte. Johnny akiwa na jibu, alimwambia Monte. Hali ikaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka.

Hata siasa ziliwatenga. Johnny alikuwa shabiki sugu wa Rais Ronald Reagan. Joey, aliyekuwa Myahudi, hakumpenda. Mwaka wa 1985 Reagan alizuru makaburi ya Bitburg, Ujerumani, ambamo baadhi ya askari wa kikosi cha SS cha Hitler wamezikwa. Joey na Dee Dee walichangia kutunga wimbo wa kumlaani rais kwa ziara hiyo. Johnny alichukizwa, na ulipotiwa katika albamu ya Animal Boy mwaka wa 1986, alishikilia kwamba lazima ubadilishwe jina. Ukabadilishwa.

Mashabiki wengi huamini kwamba wimbo mwingine wa Joey, The KKK Took My Baby Away, wa mwaka wa 1981, ulikuwa kijembe kwa Johnny kuhusu kisa cha mchumba. Wengine husema ulitungwa kabla ya kisa chenyewe. Liwalo na liwe, Johnny alisimama kando yake na kupiga gitaa la wimbo huo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo ninapoona ugumu wa kuwahukumu. Ni rahisi kusema kwamba Johnny alikuwa mtu mbaya. Lakini watu waliofanya kazi nao husema pia kwamba bila Johnny bendi ingekufa mapema. Yeye ndiye aliyekuwa mkali wa saa, mkali wa pesa, aliyehakikisha kwamba onyesho limeanza kwa wakati na kila mtu amelipwa. Alikuwa na wenzake wa namna gani? Mmoja mgonjwa aliyechelewesha gari kwa kurudi kugusa vitu. Wa pili mtumwa wa heroini. Wa tatu, Marky, alifukuzwa mwaka wa 1983 kwa sababu ya ulevi, akarudishwa mwaka wa 1987 baada ya kuacha pombe. Ukali wa Johnny uliishika nyumba isianguke. Tatizo ni kwamba wakazi wake hawakuwa na raha ndani yake.

FULANA KULIKO SANTURI

Unaweza kujiuliza walikuwa wakiishi kwa nini ikiwa santuri hazikununuliwa. Jibu ni jasho, pamoja na fulana.

Yule tai alibuniwa na Arturo Vega, msanii mzaliwa wa Mexico. Aliichukua nembo ya rais wa Marekani akaigeuza kwa utani: badala ya tawi la mzeituni, tai ameshika tawi la mti wa matofaa, badala ya mishale, ameshika gongo la kuchezea besiboli. Vega alitembea na bendi akiuza fulana hizo penye kila onyesho, na kwa miaka mingi ndizo zilizowalipia petroli.

Fulana hizo ziliwagombanisha pia. Richie Ramone, mpiga ngoma aliyeshika nafasi ya Marky, aliacha bendi mwaka wa 1987 kwa sababu alinyimwa fungu katika mauzo yake. Alikuwa amepewa jina la ukoo, lakini si urithi.

Dee Dee naye aliondoka mwaka wa 1989. Alitaka kuacha dawa za kulevya, akajaribu hata muziki wa rap, ukamshinda. Ajabu ni kwamba aliendelea kuwauzia wenzake nyimbo. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyetoka katika jeshi la wanamaji, akaitwa C.J.

Mahali ambapo walipokelewa kama wafalme ni Amerika Kusini. Huko Argentina na Brazil, mashabiki walilizunguka gari lao na kulikimbiza barabarani. Machi 1996 walijaza watu katika uwanja wa River Plate, Buenos Aires. Watu waliokuwa wakipiga katika kumbi ndogo Marekani walihitaji ulinzi kutoka hotelini huko.

Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 6 Agosti, 1996, huko Hollywood. Lilikuwa la 2,263. Ukigawanya kwa miaka 22, utaona ni kama maonyesho mawili kila wiki. Usiku huo ulipokwisha, kila mtu alishika njia yake.

SIMU AMBAYO HAIKUPIGWA

Joey alikuwa ameshagunduliwa kuwa na saratani ya tezi kabla bendi haijavunjika. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 alianguka akavunjika nyonga, na hali ikazidi kudhoofika. Alifariki hospitalini New York tarehe 15 Aprili, 2001, akiwa na umri wa miaka 49.

Johnny hakumpigia simu. Alipoulizwa na waandaaji wa filamu inayosimulia maisha yao, alijitetea kwamba hawakupendana, na kwamba kama yeye ndiye angekuwa mgonjwa hangetaka Joey ampigie. Hata hivyo, alikiri kwamba kifo hicho kilimtia majonzi. Mtu huyo mgumu kama mwamba hakuweza kueleza kwa nini alihuzunika kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa rafiki yake.

Machi 2002 bendi hiyo iliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa muziki wa roki. Tommy alisimama akawaambia waliohudhuria kwamba, waamini wasiamini, wao walipendana hata walipokosa kutendeana kwa adabu, na kwamba walikuwa ndugu wa kweli. Joey hakuwepo kuyasikia maneno hayo. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Juni, Dee Dee alipatikana amekufa nyumbani kwake Hollywood kwa sababu ya heroini. Alikuwa na umri wa miaka 50. Mwanafunzi anayedhani kwamba dawa za kulevya ni mchezo wa wasanii na akumbuke kwamba mtunzi huyu hodari alipigana nazo tangu utotoni, na zikamshinda.

Johnny alifariki kwa saratani ya tezi ya kibofu tarehe 15 Septemba, 2004. Tommy alibaki peke yake. Mwezi wa Aprili 2014, ile albamu ya dola 6,400 hatimaye ilipewa cheti cha dhahabu nchini Marekani kwa kutimiza nakala 500,000, miaka 38 baada ya kutolewa. Ni Tommy peke yake kati ya wanne aliyeishi kuiona siku hiyo. Naye alifariki kwa saratani tarehe 11 Julai mwaka huo huo.

Leo pembe moja ya barabara ya Bowery imepewa jina la Joey, na tangu mwaka wa 2016 makutano ya barabara nje ya shule ya Forest Hills yana jina la Ramones. Lakini hata ugomvi una warithi. Ndugu yake Joey na mjane wa Johnny, wanaogawana mali ya bendi, wamefikishana mahakamani.

TUJIFUNZE NINI?

Ukiniuliza, msomaji, kama Ramones walikuwa ndugu au hawakuwa, nitakujibu kwamba walikuwa ndugu kazini tu. Walifaana jukwaani mara 2,263, na hilo si jambo dogo. Wako ndugu wa damu ambao hawawezi kuendesha duka moja kwa miezi sita. Wanafunzi wanaoanzisha kikundi cha kwaya, timu ya mpira au biashara ndogo watapata funzo hapo: si lazima mpendane sana ili kazi ifanyike. Shikeni saa, gawaneni pesa kwa haki, na kila mtu ajue kiti chake.

Lakini kazi huisha. Sare huvuliwa, gari huuzwa, na mtu hubaki na wale anaoweza kuongea nao. Johnny na Joey walidhani kimya kitaiokoa kazi, na kweli kiliiokoa. Hawakujua kwamba wakikizoea, hata kifo hakitaweza kukivunja.

Nyumba nyingi za mjini zina kimya cha aina hiyo. Kaka wawili waligombania shamba kule nyumbani, sasa huonana matangani tu na kila mmoja anaangalia upande wake. Mama na binti huzungumza kupitia kwa mtoto mdogo: mwambie nyanya yako chakula kiko tayari. Wote wana jina moja katika vitambulisho vyao.

Ikiwa kuna mtu wa namna hiyo maishani mwako, leo ni Jumapili na simu unayo. Si lazima mumalize kesi yote. Mwulize tu ameamkaje.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.